Je, Isaya 45:7 inasema Mungu aliumba uovu? Neno "ra" na mipaka ya kamusi

Swali: "Mdogo wangu amefiwa na mtoto wake. Tukiwa msibani, mzee mmoja wa kanisa alisoma Isaya 45:7, 'Mimi nafanya suluhu, na kuhuluku ubaya', akatuambia tukubali kwamba Mungu ndiye aliyeumba ubaya wote, hata dhambi. Alisema Kiebrania kinatumia hapo kitenzi kile kile cha Mwanzo 1:1, na kwamba kuumba ni kuleta kitu mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kijana mmoja wa kikundi chetu cha Biblia akabisha. Alifungua programu kwenye simu, akatuonyesha neno 'ra', namba 7451, akasema maana yake ya asili si uovu bali maafa, kwa hiyo wafasiri wetu walikosea. Mimi nikitazama orodha ile ya kwenye simu naona maana nyingi mno, mpaka nachanganyikiwa. Nani kati yao yuko sahihi? Na mtu kama mimi, nisiyejua Kiebrania, nitajuaje bila kudanganywa?"

Jibu: Pole sana kwa msiba, wewe na mdogo wako. Nitalijibu swali la neno kwa urefu kwa kuwa ndilo uliloniuliza, lakini sitamaliza bila kumrudia mdogo wako, kwa sababu naona mabishano hayo yalifanyika mbele yake.

Nianze na hukumu yangu, kisha nieleze sababu. Kijana amefika karibu na ukweli, ila kwa njia mbovu. Mzee amesoma maneno yaliyoandikwa, ila ameyabebesha mzigo ambao mstari wenyewe hauubebi. Na wafasiri hawakukosea.

Tulichukue neno lenyewe. Ra, pamoja na umbo lake la kike ra'a, hutokea mamia ya mara katika Agano la Kale, na limeenea mno. Ng'ombe wale wa ndoto ya Farao katika Mwanzo 41 ni "ra" wa sura, yaani wana sura mbaya. Tini za kikapu cha pili katika Yeremia 24 ni "ra" kiasi kwamba hazilikiki. Watu wa Yeriko wanamlalamikia Elisha kwamba maji yao ni "ra". Mfalme anamwuliza Nehemia mbona uso wake ni "ra" ilhali hana ugonjwa, yaani mbona umesikitika. Hakuna dhambi katika tini wala katika uso wa mtu mwenye huzuni. Lakini neno hilo hilo ndilo liko kwenye mti wa ujuzi wa mema na mabaya, ndilo liko katika Zaburi 34:14, "Uache mabaya ukatende mema", na ndilo aliloepukana nalo Ayubu katika mstari wa kwanza kabisa wa kitabu chake. Hapo ni uovu wa mwenendo, bila shaka yoyote. Kwa hiyo anayesema ra "haimaanishi uovu" hajafungua kurasa za kutosha.

Sasa angalia Kiswahili chako mwenyewe. Tunasema maji mabaya, habari mbaya, sura mbaya, hali mbaya, mtu mbaya. Kivumishi kimoja kinabeba kuharibika, huzuni, msiba na uovu, na hatuchanganyikiwi hata kidogo. Wafasiri wa Union Version, ambao Biblia yao ilitoka mwaka 1952, walipoweka "ubaya" katika Isaya 45:7, waliteua neno lililo na upana unaokaribiana sana na wa Kiebrania. Kiingereza cha leo hakina bahati hiyo. Mfasiri wake hulazimika kuchagua ama neno la dhambi ama neno la msiba, na akichagua la dhambi, msomaji anaruka kutoka kitini. Ugomvi mwingi unaouona kuhusu mstari huu umeagizwa kutoka lugha hiyo. Tafsiri za Kiswahili za karibuni zaidi zinazoegemea maneno kama balaa au maafa zimemfafanulia msomaji maana moja, na nadhani ni maana sahihi, lakini hazikumsahihisha aliyeandika "ubaya".

Tuje kwenye ile orodha ya simu, maana hapo ndipo watu wengi wenye nia njema hupotea. Namba 7451 inatoka katika kazi ya James Strong, itifaki, yaani kitabu cha kutafutia maneno ya Biblia, iliyochapishwa mwaka 1890. Strong alikuwa anaorodhesha kila neno la Biblia moja tu, ile ya Kiingereza ya mwaka 1611. Orodha ndefu iliyo chini ya namba, yenye taabu, msiba, huzuni, madhara, uovu na mengineyo, sehemu kubwa yake inakuonyesha jinsi wafasiri wale walivyolitafsiri neno hilo mahali mbalimbali. Ni kumbukumbu ya kazi iliyokwisha kufanywa. Haikupi ruhusa ya kuchukua neno lolote la orodha na kulipachika katika mstari wowote. Tena Strong aliweka kivumishi na nomino chini ya namba moja, jambo ambalo kamusi kubwa za Kiebrania hulitenganisha.

Fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili akikutana na sentensi "Baba amepanda mnazi." Kamusi itamwambia kupanda ni kufukia mbegu au mche ardhini, tena ni kukwea, tena ni kuingia chomboni. Zote ni kweli. Lakini baba hajafanya zote, na kamusi haiwezi kumwambia mgeni ni ipi aliyoifanya. Sentensi inayofuata ndiyo itakayomwambia: kama baba ameteremka na madafu, jibu limepatikana. Na mgeni akisema kwamba baba "kwa undani" amefanya yote mawili, utacheka. Hata hivyo mahubiri mengi yanayoanza na maneno "Kiebrania halisi kinasema" hufanya hivyo hivyo, yakikusanya maana zote za kamusi na kuzimimina katika neno moja.

"Maana ya asili" nayo ni mtego. Kiebrania hujenga maneno kutoka mizizi ya konsonanti, mara nyingi tatu, kwa hiyo watu hudhani ukiupata mzizi umeipata siri ya neno. Lehemu ni mkate. Milhama ni vita. Konsonanti l, h na m zipo katika yote mawili. Hakuna askari wa Israeli aliyesikia tarumbeta ya vita akafikiria chakula. Mwaka 1961 James Barr, mtaalamu wa Agano la Kale kutoka Scotland, aliwakosoa wanateolojia wa zama zake kwa ukali juu ya tabia hii, na tangu hapo mwalimu yeyote makini wa Kiebrania huwaonya wanafunzi wake mapema. Maana ya neno ni namna watu walivyolitumia.

Basi tutumie njia hiyo katika Isaya 45:7. Mstari una jozi mbili: nuru na giza, kisha suluhu na ubaya. Washairi wa Kiebrania hupenda kuweka neno mbele ya kinyume chake ili moja limulike jingine. Na kinyume cha ra hapa ni shalom. Shalom ni amani, usalama, ustawi, hali ya mambo kukaa sawa. Kama nabii angekuwa anazungumzia dhambi, tungetazamia aiweke mbele ya haki. Kinyume cha ustawi ni maangamizi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko sura mbili mbele, 47:10 na 11, ambapo nabii anauambia Babeli. Katika mstari wa 10 Babeli umeitumainia ra'a yake, yaani uovu wake. Katika mstari wa 11 ra'a itaujia, nao hautajua namna ya kuiondoa. Neno ni lile lile, mistari imefuatana, na maana zimegeuka: ya kwanza ni uovu anaoutenda mtu, ya pili ni msiba unaompata. Nabii anacheza na neno kwa makusudi, anayepanda ra avune ra. Ukiyafahamu haya huwezi tena kusema neno lina maana moja "halisi".

Sitakuficha ushahidi wa upande wa mzee, maana upo. Isaya 5:20 inawalilia ole wale wauitao uovu wema na wema uovu, watiao giza badala ya nuru. Hapo ra iko jirani na nuru na giza, kama katika 45:7, na maana yake ni ya maadili. Pia lile gombo kubwa la Isaya lililopatikana mwaka 1947 katika pango karibu na Bahari ya Chumvi, ambalo limezeeka kwa zaidi ya miaka elfu moja kuliko Kodeksi ya Leningrad ya mwaka 1008, nakala ya mkono ya andiko la Kiebrania lililopokewa, halina "shalom" katika 45:7. Lina "tov", yaani wema au mema. Kwa hiyo hoja yangu ya jozi inategemea andiko lililopokewa, na mtu anaweza kuniuliza kwa nini nisifuate gombo la kale zaidi.

Nina majibu mawili. Septuaginta, tafsiri ya Kiyunani ya kale, ina neno la amani mahali hapo, jambo linaloonyesha kwamba "shalom" nayo ni ya zamani. Naona ni rahisi zaidi mwandishi wa gombo kuteleza kuelekea jozi iliyozoeleka, mema na mabaya, kuliko mwingine kuiacha jozi hiyo na kuandika isiyozoeleka. Jibu la pili lina uzito zaidi kwangu: hata tukikubali "tov", mstari haugeuki kuwa wa dhambi. Ayubu anamwuliza mkewe katika 2:10, "Je! Tupate mema mkononi mwa Mungu, nasi tusipate na mabaya?" Jozi ni tov na ra, na mabaya yenyewe ni mali iliyopotea, watoto waliokufa na majipu mwilini.

Hoja ya mzee kuhusu kitenzi ni nzuri kuliko alivyojua, kwa sababu ni kweli. Kitenzi ni "bara", neno la Kiebrania la kuumba, kile cha Mwanzo 1:1, na katika umbo lake la kawaida mtendaji wake daima ni Mungu. Lakini hakisemi lazima kwamba kitu kimetoka pasipo kitu. Daudi anaomba aumbiwe moyo safi katika Zaburi 51:10, naye alikuwa na moyo tayari. Katika Isaya 65:18 Mungu anauumba Yerusalemu uwe shangwe. Na katika Hesabu 16:30, Musa anaposema kwamba Bwana ataumba jambo jipya, jambo lenyewe ni ardhi kufunua kinywa na kuwameza waasi waliokuwa pamoja na Kora. Hapo bara inatumika kwa tendo la hukumu, ambayo ndiyo maana ninayoiona katika 45:7. Kitenzi kinatuambia tendo ni la Mungu na ni la ajabu. Hakitupi nadharia juu ya chanzo cha dhambi.

Jambo la mwisho la muktadha ni msikilizaji. Mistari 1 hadi 7 inaelekezwa kwa Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyeuteka Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo. Mungu anamwambia atakwenda mbele yake na kuvunja milango ya shaba, na kwamba hapana mwingine ila yeye. Katika silinda ya udongo iliyofukuliwa Babeli mwaka 1879, ushindi huo huo wa Koreshi unahesabiwa kuwa kazi ya Marduki, mungu wa Babeli. Nabii anakanusha madai ya namna hiyo. Kuinuka kwa dola na kuanguka kwa dola, uhuru wa waliohamishwa na maangamizi ya waliowahamisha, yote yako mikononi mwa Bwana mmoja. Nuru na giza, shalom na ra, kutoka ncha hii hadi ncha ile. Ndiyo maana mstari unaishia na "niyatendaye hayo yote".

Hivyo mimi nausoma hivi: Mungu anasema yeye ndiye aletaye ustawi na ndiye aletaye maangamizi juu ya mataifa. Namna hii ya kusoma haikuzaliwa na simu. Katika karne ya 2 Markioni, mwalimu ambaye kanisa lilimhesabu mzushi, aliutumia mstari huu kudai kwamba Muumba wa Agano la Kale ni mungu mwingine, asiye Baba wa Yesu. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa kale, akamjibu kwa kutenganisha mabaya ya kosa na mabaya ya adhabu. Wayahudi nao, ambao Kiebrania ni chao, waliusikia ukali wa maneno haya. Katika sala yao ya asubuhi wanausema mstari huu, lakini badala ya "na kuumba ra" husema "na kuumba vyote", na Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, inakiri waziwazi kwamba badiliko hilo ni kwa ajili ya lugha ya staha.

Lakini usimwache kijana aondoke akidhani tatizo limekwisha. Akibadilisha "uovu" kuwa "maafa" bado anabaki na Mungu anayeleta maafa, na maafa ya Babeli yaliletwa na majeshi, na majeshi hutenda uovu. Habakuki alikwama hapo hapo. Anasema macho ya Mungu ni safi hata yasiweze kuangalia uovu, neno likiwa ra, kisha anauliza kwa nini basi anawatazama wakatili wakimeza watu. Swali hilo ni la teolojia, na hakuna kamusi itakayolijibu. Nina mashaka na mwalimu yeyote anayetumia Kiebrania ili swali gumu litoweke.

Uliuliza utajuaje bila kudanganywa. Soma kwanza sura nzima kabla hujagusa simu, ujue nani anasema na nani, kuhusu jambo gani. Linganisha tafsiri mbili tatu. Zikitofautiana sana katika neno moja, hapo ndipo penye kazi. Ndipo utumie namba ya Strong, ila kwa kazi moja tu: kukuonyesha mahali pengine neno hilo lilipotumika. Anzia ndani ya kitabu hicho hicho, na usome mistari yenyewe badala ya orodha. Ukiona mtu ana fundisho zima linalosimama juu ya maana ya neno ambayo haionekani katika tafsiri hata moja, simama. Kamati za wafasiri zina wajuzi wa lugha wanaobishana kwa miaka, na si rahisi wote wakose jambo ambalo mtu mmoja amelipata kwa kubonyeza skrini.

Ukitaka kujipima, chukua kitabu cha Yona. Kina sura nne tu, na ra'a imezagaa humo. Katika 1:2 ni uovu wa Ninawi. Katika 1:7 ni balaa la tufani iliyowapata mabaharia. Katika 3:10 watu wanaiacha njia yao ya ra'a na Mungu anaghairi ra'a aliyokusudia kuwatenda, mstari mmoja wenye maana mbili. Katika 4:1 ni uchungu wa Yona mwenyewe, na katika 4:6 ni dhiki yake iliyoletewa kivuli cha mtango. Andika pembeni kila mara maana unayoiona, na neno gani katika sentensi lilikuongoza kuiona. Ukimaliza utakuwa umefanya kazi ile ile tunayowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ukitamani kuendelea, tafuta chuo cha teolojia au mwalimu wa kukaa naye ana kwa ana. Herufi ni 22 na zinajifunzika, lakini matamshi na vitenzi vinahitaji mtu wa kukusahihisha.

Sasa mdogo wako. Isaya 45:7 aliambiwa mfalme aliyekuwa njiani kuuteka mji, na hakuna neno ndani yake linaloeleza kwa nini mtoto fulani amekufa. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Lawama ya 42:7 ilitokana na walivyonena baadaye. Kwa hiyo usimpelekee maelezo yangu haya sasa. Akiuliza mwenyewe kama Mungu alimwumbia ubaya, mwambie mstari ule hauzungumzii kifo cha mwanawe, kisha umsikilize.

Mkutanishe na mchungaji au padri anayejua kukaa na wafiwa, na ikiwezekana mshauri nasaha aliyefunzwa. Yule mzee naye anastahili kuendewa kwa heshima, na mtu wa rika lake, faraghani. Endapo mdogo wako ameacha kula au kulala kwa majuma, anajilaumu kwamba dhambi yake ndiyo iliyomuua mtoto, au mtu anamkataza dawa na hospitali kwa kutumia mstari huu, asisubiri mjadala wowote wa Biblia: mpeleke kwa mhudumu wa afya. Na akisema hataki kuishi, msimwache peke yake hata kidogo, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.